Kinundu shingoni, miguu inayovimba jioni na chupa ya "kusafisha limfu"

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama, fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, nina miaka 44. Tangu mwaka jana nilipofunga mota kwenye cherehani yangu, miguu inavimba ikifika jioni, asubuhi inakuwa imerudi. Pia miezi miwili sasa nina kinundu kidogo chini ya taya upande wa kushoto, hakiumi. Mwenzangu wa kanisani anauza dawa ya kusafisha limfu na kupandisha kinga, chupa tatu kwa Sh 90,000, na ameniambia niache kabisa nyama na maziwa. Kabla sijatoa hela naomba uniambie: ni vyakula gani vinasafisha limfu na kuongeza kinga ya mwili?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kuhusu chakula, na chakula nitakifikia, tena kwa urefu, kwa sababu pale sokoni Mbuyuni kuna karibu kila kitu unachohitaji. Lakini naomba nianze na kile ulichokitaja kwa sentensi moja kisha ukakipita: hicho kinundu. Kina miezi miwili na hakiumi. Ni mambo hayo mawili yaliyonifanya barua yako niitangulize mbele ya nyingine.

Wengi wetu tunaamini kwamba uvimbe usiouma hauna neno. Kwenye tezi za limfu, ambazo ndizo huvimba hapo chini ya taya, mara nyingi mambo huwa kinyume. Tezi iliyovimba kwa sababu ya jino bovu au mafindofindo huuma ukiigusa, huwa laini, na maambukizi yakiisha nayo hunywea polepole ndani ya wiki mbili tatu. Tezi inayokaa zaidi ya wiki nne bila kuuma, inayozidi kukua, iliyo ngumu, iliyoshikana na wenzake, au iliyojitokeza juu tu ya mtulinga, hiyo lazima itafutiwe jina. Inaweza kuwa jambo dogo. Lakini huwezi kujua kwa kuipapasa mbele ya kioo, na mimi siwezi kujua kwa kusoma barua.

Huku kwetu Kilimanjaro na Arusha, jina la kwanza linalonijia ni kifua kikuu cha tezi. Watu hushangaa sana nikiwaambia. "Mbona sikohoi, daktari?" Kifua kikuu hupenda mapafu, ila hakiishii kwenye mapafu; nje ya hapo, shingo ni moja ya makazi yake makubwa, na mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Iko pia aina ya vimelea vya ugonjwa huu inayotoka kwa ng'ombe, ambayo imewahi kupatikana kwenye tezi za shingo za wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania, na njia yake kubwa ya kutufikia ni maziwa mabichi. Kwa hiyo kama maziwa unayachukua kwa jirani mwenye ng'ombe, yachemshe mpaka yafure ndipo unywe. Hata ya kugandisha, chemsha kwanza ndipo ugandishe. Uchachu peke yake hauui vimelea vyote.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kliniki nilipokuwa bado kijana kazini. Alikuwa amejifunga mtandio shingoni na kulikuwa na joto la Februari. Alipoufungua, chini yake kulikuwa na pamba, chini ya pamba majani yaliyopondwa, na chini ya majani tezi iliyopasuka ikitoa usaha mweupe mzito kama jibini. Miezi saba alikuwa akinywa dawa za kusafisha damu, alizouziwa na watu tofauti watatu, na kila mmoja alimwambia kwamba uchafu ukitoka ndiyo dalili ya kupona. Alitibiwa kwa vidonge kwa miezi 6 akapona vizuri. Kovu alibaki nalo. Miezi ile saba inaniuma mpaka leo, kwa sababu kila mtu aliyemhudumia aliona uvimbe na hakuna aliyemwambia aende akapime.

Kwa hiyo wiki hii nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu atakuangalia meno, koo na ngozi ya kichwa, maana hata mapunye huvimbisha tezi za shingo. Atapapasa kwapani na kwenye kinena kuona kama kuna mitoki mingine. Atakuuliza kama unatoka jasho la usiku kiasi cha kulowanisha shuka, kama umepungua uzito, kama una homa za jioni. Utaombwa kupima VVU. Kubali, kwa sababu virusi hivyo huzaliana ndani ya tezi zenyewe, na tezi kuvimba sehemu kadhaa mwilini ni moja ya dalili zake za mapema. Sababu isipoonekana, utapewa rufaa ili kinundu kichomwe kwa sindano nyembamba na kuvutwa chembe kidogo za kupima. Maumivu yake ni ya sindano ya kawaida tu. Chembe hizo hutazamwa kwa hadubini, na nyingine huwekwa kwenye mashine inayotambua vinasaba vya kifua kikuu ndani ya saa chache. Wakati mwingine kinundu chote hutolewa kwa upasuaji mdogo, hasa daktari akitaka uhakika kwamba si limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu.

Ikiwa ni kifua kikuu, dawa ni bure na hutolewa karibu na nyumbani. Mkoa wako una hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, ambayo imekuwa ikitibu ugonjwa huu tangu 1926, lakini huna haja ya kuanzia huko. Jambo moja nikudokeze mapema, maana huwatisha wengi: tezi inaweza kuvimba zaidi katikati ya tiba hata kama dawa inafanya kazi. Usiache dawa, rudi uonwe. Na tafadhali usinunue antibayotiki dukani kujaribu jaribu kwanza. Zipo zinazopunguza makali ya kifua kikuu kwa muda tu, zikachelewesha majibu.

Sasa limfu yenyewe. Umeambiwa isafishwe, basi tuone ni kitu gani.

Kama umekulia mlimani unaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yanatoka juu msituni, unafungua mlango yanaingia kihambani, migomba inakunywa, na yanayobaki lazima yapate njia ya kutoka chini. Yasipoipata, udongo unakuwa tope na mizizi inaoza. Mwilini ni hivyo hivyo. Damu inapopita kwenye mishipa midogo kabisa, sehemu ya maji yake huvuja nje na kulowanisha nyama, ikipeleka chakula kwa kila chembe. Mengi hurudi, mengine hubaki. Yanayobaki ndiyo yanayokusanywa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo, chini ya mtulinga. Kwa siku moja limfu hurudisha lita 3 hivi au zaidi, na damu yote ya mtu mzima ni lita 5 tu. Njiani maji hayo hupita kwenye mamia ya tezi ndogo, za shingoni, kwapani, kifuani, tumboni na kinenani. Ndani ya tezi hizo chembe nyeupe za damu hukagua kila kinachopita: bakteria, virusi, chembe za saratani. Wakiona adui huongezeka kwa kasi, na ndiyo maana tezi huvimba. Kwa hiyo kinundu chako ni askari walioitana. Tunachotaka kujua ni nani aliyewaita.

Ukiitazama hivyo utaona kwamba hakuna uchafu uliokwama mle wa kusukumwa kwa dawa ya chupa. Kazi ya kuondoa sumu inafanywa na ini na figo, mchana na usiku, bila kulipwa. Chupa za namna hiyo mara nyingi huwa na kitu cha kukojoza, au cha kuharisha kama sanamaki. Mtu anakwenda chooni mara tano, mizani inashuka kilo mbili, anasema "nimejisikia mwepesi". Amepoteza maji na chumvi. Kwa aliyeanza dawa za kifua kikuu hali ni mbaya zaidi: dawa zile zenyewe zinaelemea ini, na ukiongeza mchanganyiko usiojulikana kilichomo unaweza kupata manjano na kulazimika kusimamisha tiba. Pombe nayo ni hivyo hivyo, mbege ikiwemo.

Nimefurahi sana kwamba uliitaja ile mota. Wengi wasingeiona kuwa ina maana.

Moyo unasukuma damu. Limfu haina moyo wake. Mishipa yake mikubwa hujibana yenyewe taratibu, lakini kutoka kwenye wayo hadi kifuani ni kupanda mlima, na kinachosaidia zaidi ni nyama zinazojikunja na kulegea, pamoja na pumzi unayovuta. Ndani ya mishipa kuna vizuizi vidogo kama milango ya upande mmoja: limfu ikipita hairudi. Sasa fikiria cherehani ya kukanyaga. Siku nzima kisigino kinapanda na kushuka, shavu la mguu linakaza na kuachia, mara elfu kadhaa. Ulikuwa unapandisha maji mlimani bila kujua. Ukafunga mota, mguu mmoja sasa unabonyeza kidogo tu na mwingine umetulia, na wewe umekaa kitini kwa muda wa saa tisa. Maji yanashuka kwa uzito wake na hakuna anayeyapandisha. Ukilala usiku mlima unakuwa tambarare, asubuhi miguu imenywea.

Sikuambii uiondoe mota. Najua imekuongezea kazi na kipato. Rudisha tu kile mguu ulichokuwa ukifanya. Kila ukimaliza kipande, kabla ya kushika kingine, simama, pandisha visigino na kushusha mara ishirini. Ukiwa umekaa, zungusha vifundo vya miguu. Mchana unapokula, weka miguu juu ya stuli au kwenye mzigo wa vitambaa kwa robo saa, iwe juu kuliko kiuno kama unaweza. Vuta pumzi ndefu mpaka tumbo lijae, mara kumi. Pumzi hiyo hubadilisha shinikizo la kifua na kuvuta limfu juu. Na sokoni Mbuyuni nenda kwa miguu, bodaboda ipumzike. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano.

Hata hivyo pima. Miguu yote miwili kuvimba inaweza kutokana na moyo, figo, ini, upungufu wa damu, au hata baadhi ya dawa za presha. Kuna jambo unaloweza kulifanya leo jioni: bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kibonyeo kama cha kwenye unga uliokandwa, mwambie mhudumu. Apime presha, damu na mkojo kuona kama una protini. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Niseme kidogo kuhusu viatu. Pwani tunajua matende yanayoletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Lakini liko tende jingine lisilohusu mbu. Huwapata watu wa nyanda za juu wanaotembea peku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano. Chembe ndogo za udongo hupenya ngozi na kuharibu mishipa ya limfu ya miguu. Ethiopia, Uganda na Rwanda linajulikana vizuri. Udongo wa Kilimanjaro nao ni wa volkano, kwa hiyo ukienda kulima nyumbani vaa buti, ukirudi osha miguu kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, paka mafuta. Fangasi wa vidole watibiwe mapema. Mpasuko mdogo kwenye ngozi ya mguu uliovimba ni mlango wa bakteria, na maambukizi yanayojirudia huziba mishipa hiyo kidogo kidogo.

Tuje mezani sasa.

Mwenzako amekwambia uache nyama na maziwa. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kingamwili zinazopambana na magonjwa zimetengenezwa kwa protini, na chembe zinazozitengeneza zinahitaji chuma na zinki. Mwanamke wa miaka 44 ambaye bado anapata hedhi anapoteza chuma kila mwezi. Ukimnyima nyama, mayai, dagaa na maziwa bila kumpa mbadala wa kutosha, unaidhoofisha kinga ile ile unayodai kuipandisha. Nyama haihitaji kuwa nyingi. Mtori wa nyama kidogo yenye mfupa, au machalari ya Jumapili, inatosha ikiwa siku nyingine kuna maharage, choroko, kunde au dagaa. Dagaa nawapenda kwa sababu unawala wazima: protini, chuma, na mifupa yao yenye kalsiamu, kwa bei ya mtu wa kawaida. Mbegu za maboga ambazo wengi huzimwaga zina zinki nzuri. Zikaange kavu, tia chumvi kidogo sana, zitafune ukiwa kazini.

Mafuta nayo yana uhusiano na limfu ambao watu wengi hawaujui. Sukari na protini zikimeng'enywa huingia moja kwa moja kwenye damu. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwanza kwenye limfu ya utumbo. Mwaka 1622 daktari wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona tumboni nyuzi nyeupe zimetanda juu ya utumbo. Alipozikata zikatoka maji meupe kama maziwa. Yalikuwa mafuta ya chakula yakisafiri ndani ya limfu. Vitamini A, D, E na K hupanda gari hilo hilo, kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Kwa hiyo mchicha uliochemshwa bila tone la mafuta unakunyima sehemu kubwa ya vitamini A yake. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria, au nusu parachichi pembeni ya sahani, kinatosha. Parachichi tunalo, tena zuri, msiyauze yote.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana nazungumza juu ya jiko la mama yangu mwenyewe. Kwetu mnafu ulipikwa hivi: unachumwa, unakatwakatwa, unaoshwa ukiwa umekatwa, unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa kupunguza uchungu, kisha unatiwa magadi ulainike na kubaki wa kijani. Ukiwa mezani unapendeza kweli. Lakini vitamini C imeondoka na maji ya kuoshea, nyingine na maji ya kuchemshia, na iliyobaki imeuawa na magadi, kwa sababu haivumilii kitu chenye alkali. Magadi yana sodiamu pia, kama chumvi, inayoshika maji mwilini. Kwa mtu ambaye miguu inavimba si rafiki. Na magadi ya huku kwetu yana floraidi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia. Basi osha kwanza ndipo ukate. Pika kwa muda mfupi, kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa. Uchungu wa mnafu utulize kwa karanga za kusaga au maziwa badala ya kumwaga maji. Ukipika maharage au kiburu, zile ndizi za kupikwa na maharage, loweka maharage usiku kucha, magadi hutayahitaji.

Kwa wasomaji wa Arusha wanaoishi kuzunguka Mlima Meru: floraidi kwenye maji ya baadhi ya chemchemi na visima vya huko hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuyachemsha hakuiondoi. Ulizeni chanzo cha maji yenu kabla ya kufuata ushauri wa kunywa maji mengi. Wewe wa Moshi kunywa kadiri ya kiu na jua, mkojo uwe na rangi hafifu, yatosha. Kunywa lita tano kwa siku hakuoshi limfu.

Ukitaka vitamini C usihangaike na vidonge. Pera moja la wastani, gramu 100 hivi, lina takriban miligramu 200, mara tatu au nne ya chungwa la uzito huo huo, na mwanamke anahitaji kama 75 kwa siku. Pera, papai, embe la msimu, ndimu uliyokamulia kwenye maharage. Hiyo ndimu ina faida ya pili: husaidia mwili kunyonya chuma cha maharage na mboga. Chai hufanya kinyume. Chai ya rangi au ya maziwa ukiinywa pamoja na chakula hushika chuma kikapita bila kunyonywa, kwa hiyo isogeze mbele, iwe muda wa saa moja baada ya kula. Najua ni tabia ngumu kubadilisha, hasa kwa anayekula maandazi na maharage asubuhi. Anza hata na mlo wa mchana peke yake.

Vitamini A iko kwenye mboga za kijani kibichi, karoti, boga, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, na maini mara moja moja. Ndiyo inayotunza utando wa pua, koo, mapafu na utumbo, yaani ukuta ambao vijidudu hukutana nao kabla ya kufika kwenye damu. Na utumbo ni zaidi ya bomba la chakula. Sehemu kubwa ya chembe za kinga za mwili zinaishi kando yake, zikifundishwa na bakteria wema waliomo. Bakteria hao hula nyuzinyuzi: ndizi, maharage, mboga, ulezi, mahindi yasiyokobolewa. Ukiweza, badilisha sembe na dona, au changanya nusu kwa nusu. Maziwa ya mgando yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa ni mazuri pia.

Kitunguu saumu, tangawizi na mlonge ni viungo na mboga nzuri. Tumia jikoni kwa moyo mkunjufu. Havitibu kinundu.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote unavyokula, pamoja na ile iliyofichika kwenye kiungo cha mchuzi cha pakiti. Soda ya nusu lita ina sukari inayokaribia au kuzidi gramu 50, ambao tayari ni ukomo wa siku nzima kwa mtu mzima.

Kuhusu kupandisha kinga, neno hilo linanipa shida kidogo. Kinga si maji kwenye tangi kwamba yakijaa zaidi ni bora zaidi. Pumu, mzio na baridi yabisi ni magonjwa ya kinga inayofanya kazi kupita kiasi au kukosea adui. Tunachotaka ni kinga iliyolishwa, iliyolala usingizi na iliyofundishwa. Kufundishwa ndizo chanjo. Watoto wako wamalize zao zote, na kadi uitunze. Usingizi nimeutaja kwa makusudi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwatilia watu 164 virusi vya mafua puani baada ya kuwapima usingizi wao kwa wiki nzima. Waliolala chini ya saa 6 waliugua mafua zaidi ya mara nne ya waliolala zaidi ya saa 7. Najua Januari kuna sare za shule na kabla ya hapo magauni ya kipaimara, na mteja anataka kesho asubuhi. Lakini usiku wa tatu mfululizo mbele ya mota mpaka saa nane, ndio usiku ambao mwili wako unabaki bila walinzi wa kutosha. Kataa kazi moja kati ya tano. Itakuuma, najua.

Mwenzako wa kanisani usigombane naye. Huenda naye ameaminishwa, na amekopa kununua hizo chupa. Mwambie tu kwamba daktari amesema upime kwanza, na kwamba kwa sasa hela ina kazi nyingine. Sh 90,000 italipa nauli za kliniki na vipimo utakavyotozwa, na chenji itabaki ya mayai na dagaa.

Ukifika kituoni, kinundu kionyeshe kwanza, miguu baadaye. Akina mama wengi huanza na miguu kwa sababu ndiyo inayosumbua, muda unakwisha, shingo haiguswi. Andika kwenye karatasi tarehe uliyokigundua, ukubwa wake wakati huo na sasa, na dawa zozote ulizokwisha kunywa, za hospitali na za majani, bila kuficha hata moja. Majibu yakitoka niandikie, hata kama ni mazuri.